Jamani, Tazameni Hii! Runinga ya Inchi 42 Mezani kwa Gemu za Kompyuta

Nimeitoa kwenye boksi, nimeisimamisha juu ya meza, nimechomeka kebo moja tu, na mdomo umebaki wazi. LG C4 ya inchi 42, runinga ya OLED ya mwaka 2024, imekaa pale ambapo kwa kawaida hukaa monita, na picha inayotoka humo ni balaa! Kama unacheza gemu kwenye kompyuta na umekuwa ukijiuliza uchukue monita kubwa au runinga, vuta kiti tuzungumze.

Hukumu yangu naitoa mapema: ukicheza kuliko unavyoandika, na ukiwa na nafasi ya kukaa mbali kidogo na kioo, chukua runinga bila kusita. Monita nazo zina watu wake, na nitawataja hapa chini. Ila cha kuamua si jina lililochapishwa kwenye boksi. Cha kuamua ni umbali kati ya macho yako na skrini. Ukilishika hilo, mengine yote yanajipanga yenyewe.

Weusi tii, mwanga mkali

Utamu wa OLED ni kwamba kila pikseli inajiwashia taa yake. Hakuna taa za nyuma. Panapotakiwa pawe peusi, pikseli inazimika kabisa, na panakuwa giza totoro hata kama pikseli ya jirani inawaka kwa nguvu zote. LCD ya kawaida haiwezi kufanya hivyo: taa ya nyuma inavuja, na usiku wa kwenye gemu unageuka kijivu.

Nimefungua Alan Wake 2, gemu ya kutisha iliyotoka mwaka 2023. Saga Anderson yuko msituni, tochi mkononi. Mwanga unapita kwenye gome la mti, unaona kila ufa na kila sehemu iliyolowa, kisha unakatika. Nje ya ule mduara hakuna kitu. Hakuna ukungu, hakuna kijivu, hakuna! Jani likitikisika ukingoni mwa mwanga, mwili unasisimka kabla akili haijajua kuna nini.

Kisha Microsoft Flight Simulator. Gemu hii ina dunia nzima ndani yake, basi nikaruka kutoka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro alfajiri na kuielekeza pua ya ndege Kibo. Jua linachomoza, theluji ya kileleni inashika rangi ya dhahabu, na mabondeni usiku bado haujaondoka. Mwanga mkali na giza nene kwenye picha moja, na kimoja hakikichafui kingine! Hiyo ndiyo HDR ikipata paneli inayoiweza. Runinga yenyewe ina upana wa sentimita 93, kwa hiyo mlima haukai kwenye kidirisha mbele yako. Unakujaa machoni.

Kasi yake nayo!

Hesabu hizi pikseli: 3840 kwa 2160, jumla karibu milioni 8.3, na zote zinachorwa upya hadi mara 144 kwa sekunde. Kila fremu inakaa takriban milisekunde 7 tu. Kwenye runinga ya Hz 60 fremu inakaa karibu milisekunde 17. Ingia Doom Eternal, geuza kipanya ghafla, uone: adui anabaki na kingo zake zote, haachi mkia wa ukungu nyuma yake, kwa sababu pikseli ya OLED hubadilika rangi kwa sehemu ndogo tu ya milisekunde.

Juu ya hapo kuna VRR. Kadi ya grafiki ikitoa fremu 90, skrini inachora mara 90. Ikitoa 117, inachora mara 117. Skrini inaifuata kadi badala ya kadi kuikimbiza skrini, na picha haikatiki vipande. Inaelewana na G-Sync ya NVIDIA na FreeSync ya AMD.

Na tumetoka mbali! Mwaka 2018 NVIDIA ilitangaza mradi wa skrini za gemu za inchi 65. HP Omen X Emperium ya mradi huo ilipoingia sokoni mwaka 2019, bei yake ilikaribia dola 5,000 za Marekani. Mwaka 2020 LG ikaleta CX ya inchi 48, na mwaka huohuo kadi za RTX 30 zikaja na HDMI 2.1, yenye uwezo wa kupitisha hadi gigabiti 48 kwa sekunde dhidi ya 18 za HDMI 2.0. Mlango ukafunguka, watu wakaanza kuhamisha runinga kutoka sebuleni kwenda mezani. Mwaka 2022 C2 ikashusha ukubwa hadi inchi 42 na bei ya kuanzia hadi dola 1,399.

Pima umbali kwanza

Hapa naomba usikivu wako wote. Skrini ya 4K ya inchi 32 na ya inchi 65 zina idadi ileile ya pikseli. Ukisogea nyuma kwa uwiano, jicho linaona upana uleule na ukali uleule. Kanuni ni rahisi: zidisha inchi za skrini kwa 1.9, jibu ni sentimita za kukaa mbali nayo ili ikujaze takriban nyuzi 60 za mtazamo. Inchi 32 inataka sentimita 60 hivi. Inchi 42 inataka 80. Inchi 48 inataka 91. Inchi 55 inataka mita moja na kidogo, na inchi 65 inataka karibu mita moja na robo.

Meza nyingi za kompyuta zina kina cha sentimita 60. Ukiibana inchi 42 hapo na wewe ukajibana nayo, inakula nyuzi 75, na ramani ndogo iliyoko kona ya skrini utaitafuta kwa kugeuza shingo. Dawa ipo na haina gharama kubwa: ifunge runinga ukutani, meza ivute mbele kidogo, umezipata sentimita zako 80. Nimekaa hapo, na nakuhakikishia ndipo penyewe! Ukubwa unakuzunguka, lakini damu za mchezaji, risasi zilizobaki na ramani vyote unaviona bila kuhangaika.

Kwa wale wa inchi 55 na 65: hizo ni za kochi. Ukicheza kwa pedi ukiwa umeegemea, ni raha tupu. Ukizitaka mezani, shingo itakulalamikia.

Monita zinajibu nini?

Mshindani wa karibu kabisa ni ASUS ROG Swift PG42UQ ya mwaka 2022, OLED ya 4K yenye karibu inchi 42 na paneli iliyotengenezwa na LG Display. Hiyo na C4 ni ndugu waliolelewa nyumba mbili. Kinachotofautiana ni tabia. Monita inalala na kuamka pamoja na kompyuta. Ina tundu la DisplayPort. Kioo chake hakiakisi sana dirisha la nyuma yako. Ina mpangilio wa kutuliza mwangaza usipandepande unapofungua ukurasa mweupe. Inafika Hz 138 ukiisukuma.

Runinga inajibu kwa ukarimu: matundu manne ya HDMI 2.1! Kompyuta, PS5, Xbox na king'amuzi, vyote vinakaa kwa pamoja na hakuna cha kuchomoachomoa. Spika zimo ndani, Netflix na YouTube zimo ndani, na kioo kinachong'aa kinaupa weusi kina ambacho kioo cha kufifisha mwanga hakikupi ndani ya chumba chenye taa hafifu. Runinga pia hutengenezwa kwa wingi na kila mwaka hutoka toleo jipya, kwa hiyo la jana hushuka bei haraka.

Lakini kama maisha yako ni Counter-Strike 2 au Valorant, sikiliza vizuri: tafuta monita za QD-OLED za inchi 32 zilizoingia mwaka 2024, kwa mfano Alienware AW3225QF. Ni 4K, ni Hz 240, na dhamana yake ya miaka 3 inahusisha hata alama za kudumu kwenye kioo. Hapo runinga haifurukuti. Fremu ya milisekunde 4 ni fremu ya milisekunde 4, na anayekuona kwanza ndiye anayekupiga kwanza.

Na kwa wapenda magari na ndege, Samsung wana Odyssey Neo G9 ya inchi 57: pikseli 7680 kwa 2160, yaani skrini mbili za 4K zilizounganishwa ubavu kwa ubavu na kupindwa zikuzunguke. Ni mnyama! Tatizo ni kwamba nayo inadai kadi ya kinyama, maana ina pikseli milioni 16.6 za kulisha. Hata 4K ya kawaida inaidai kadi mara mbili na robo ya 1440p, kwa hiyo DLSS na FSR zizoee mapema. Zinaipunguzia kadi mzigo kwa kuchora picha ndogo na kuikuza kwa ustadi.

Ipangie hivi ndipo ing'ae

Runinga haijui kwamba imegeuzwa monita mpaka uiambie. Kwanza, nunua kebo yenye nembo ya Ultra High Speed, na hakikisha kadi au kompyuta yako mpakato ina HDMI 2.1. Pili, kwenye orodha ya matundu ya runinga, badilisha ikoni ya tundu lako iwe PC. Usiruke hatua hii! Andika herufi ndogo nyekundu juu ya mandhari nyeusi kabla na baada ya kubadilisha. Kabla, kingo za herufi zimelowana kama wino kwenye karatasi yenye maji. Baada, kila herufi inasimama peke yake, kwa kuwa sasa rangi ya kila pikseli inapita nzima. Tatu, washa Game Optimizer na VRR, chagua Hz 144 ndani ya Windows, kisha pitisha programu ya Windows HDR Calibration ili mwanga wa juu kabisa usikatwe.

Maandishi nayo yanahitaji neno. Paneli za aina hii huongeza nukta nyeupe kando ya nyekundu, kijani na buluu, na Windows huchora herufi ikidhani nukta ni tatu. Matokeo yake ni kivuli chembamba cha rangi pembeni mwa herufi. Ukikaa sentimita 80 na kukuza maandishi hadi asilimia 125 au 150, kinapungua sana. Anayeandika au kuhariri kutwa nzima, huyo namwelekeza kwenye monita ya inchi 32 kwa moyo mmoja.

Na kuamka pamoja na kompyuta? Wapenzi wa skrini hizi wametengeneza programu ya bure inayoitwa LGTV Companion. Inaizima na kuiwasha runinga kupitia mtandao wa nyumbani, na rimoti inabaki kabatini.

Usizime ukutani!

Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu ya desturi zetu. Wengi wetu tukimaliza kutazama runinga tunabonyeza swichi ya soketi ukutani. Kwa OLED, tafadhali, acha! Baada ya saa kadhaa za matumizi, ukiizima kwa rimoti, runinga hubaki ikipokea umeme na kufanya usafi wa pikseli kimyakimya. Usafi huo ndio unaochelewesha alama za kudumu kwenye kioo. Ukikata umeme, unaunyima muda wa kufanyika.

Iweke kwenye stabilaiza nzuri, kwa kuwa umeme unaopanda na kushuka hauheshimu kifaa cha bei hii. Ficha upau wa chini wa Windows, tumia mandhari nyeusi, na iache skrini izime yenyewe ukienda kula. Dhamana za runinga mara nyingi hazigusi alama za kudumu, kwa hiyo soma karatasi kabla ya kulipa, na uliza kama inakubalika nchini mwako au ni ya Dubai tu.

Nani achukue nini?

Unapenda hadithi, magari, ndege, mapanga na misitu ya giza, na unaweza kukaa sentimita 80? LG C4 ya inchi 42, sasa hivi! Unashindana kwa risasi mtandaoni, au skrini ileile ndiyo ofisi yako? Monita ya OLED ya inchi 32 yenye Hz 240. Unataka inchi 42 lakini dirisha liko nyuma yako na hutaki habari za rimoti? PG42UQ. Unacheza ukiwa kwenye kochi? Runinga ya inchi 55 au 65, na pedi mkononi.

Na ukipita dukani ukakutana na C2 au C3 ya inchi 42 iliyoshushwa bei, usiipite. Utapata Hz 120 badala ya 144, lakini weusi ni uleule, matundu manne ya HDMI 2.1 ni yaleyale, na chenji inayobaki iweke kwenye kadi ya grafiki, kwa sababu skrini kama hizi zinastahili kulishwa hadi zishibe!