Pombe Yenye Siku Yake

Mbege ikipikwa Yombo Vituka, jirani wa nyumba ya tatu hana haja ya kuambiwa. Ndizi zilizoiva hadi zikalegea zinachemka tangu asubuhi, maji yake yanageuka mekundu ya kahawia, na harufu inavuka ukuta wa tofali bila kubisha hodi. Temeke ina harufu nyingi za jioni: chipsi, mishikaki, moshi wa taka. Hii imekuwa adimu kiasi kwamba watoto wa mtaa huuliza ni ya nini.

Anayepika ni mama wa Kichaga aliyekuja mjini na mumewe zamani, akabaki. Wateja wake, hata wenye mvi, humwamkia kwanza. "Shikamoo mama." "Marahaba, baba." Kisha wanauliza kama ipo, naye hajibu ipo wala haipo. Hutaja siku. "Ya Ijumaa." Au, "Njoo kesho jua likishapungua." Asiyeielewa lugha hiyo huondoka akidhani amefukuzwa.

Siku ndiyo kiini cha ufundi huu. Bia ya chupa haina siku. Ina tarehe ya mwisho tu, na kabla ya tarehe hiyo Januari na Juni kwake ni mamoja. Mbege huzaliwa, hukua, huzeeka. Ulezi ukishaingia, siku ya kwanza ni tamu na nzito, karibu na uji. Siku ya pili inachangamka, povu linapanda, punje zinaelea juu. Ya tatu ni ya watu wazima wenye mazungumzo marefu. Ya nne ina wapenzi wake wachache, nami ni mmoja wao, ingawa simshauri mtu. Hata Chibuku ya boksi, pamoja na kutoka kiwandani, huendelea kuchachuka ndani ya boksi lake, na wanywaji wake wanajua kuuliza imetoka lini. Pombe zetu zote zilikuwa na umri, na mnywaji alipaswa kuujua.

Watu husifu ndizi kwa kuwa ndizi zinaonekana. Zinashuka kwa malori pale Mahakama ya Ndizi, Mabibo, mikungu imepangwa chini, na kila mnunuzi anajifanya hakimu. Lakini mbege huharibikia au kupona kwenye ulezi. Mama huyu huuloweka, huutandaza juu ya gunia lenye unyevu, huufunika, kisha anakuwa mtu wa kuinuka usiku. Anafunua, anatazama, anafunika tena. Kila punje inatoa kikia cheupe, na urefu wa kikia hicho ndio kazi yenyewe. Akiuanika mapema, wanga haujaanza kugeuka sukari. Akichelewa, mche umeshakula akiba iliyokuwa ndani ya mbegu. Wataalamu wanasema mbegu inapoota hutoa vimeng'enya vinavyovunja wanga. Sina ubishi nao. Yeye huchukua punje chache akazitafuna, akatazama juu kidogo kama anayesikiliza redio ya jirani, kisha akasema bado, au akauita mkeka uletwe. Nimeziomba punje hizo nikazitafuna mimi pia. Niliambulia utamu kidogo tu. Alichokisikia yeye sikukisikia.

Kisha kuna msesewe. Gome lake linakuja kutoka mlimani kwa basi, limefungwa kwenye gazeti na kukabidhiwa utingo pamoja na salamu. Wataalamu wa mimea huuita mti huo Rauvolfia caffra. Uchungu wake ndio unaoishika mbege isiwe togwa ya ndizi, kazi ile ile ambayo hopsi huifanya katika bia ya Wajerumani na Wacheki. Hakuna kijiko cha kipimo. Gome la mti mzee ni kali kuliko la mti kijana, kwa hiyo kila furushi huonjwa upya, na aliyepokea furushi la jana hana haki ya kulitegemea la leo.

Kupikia Dar es Salaam ni ufundi juu ya ufundi. Kule mlimani, Uru na Marangu, baridi ilikuwa ikimsaidia mpishi: ndizi zilizochemshwa ziliachwa zichachuke siku kadhaa na hakuna aliyezikimbilia. Huku, kwa joto la Februari, pipa linaweza kuumuka kabla hujamaliza kuosha sufuria. Mama amehamishia mapipa upande wa nyumba usiopata jua la mchana, na uji wa ulezi huupoza mpaka usiku mwingi ndipo auchanganye. Maji nayo ni kesi nyingine. Visima vingi vya upande huu vina chumvi, na maji ya bomba yakija yananuka dawa. Anayaacha wazi kwenye ndoo usiku kucha. Hayo hakufundishwa na mama yake, kwa kuwa mama yake alichota kwenye mfereji uliotoka msituni. Ameyagundua mwenyewe, hapa, kati ya gereji na msikiti.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni pale pombe inapotoka. Mpishi hunywa kwanza. Anachota kwa kata, kata ya kibuyu yenye mkono mrefu, anakunywa mbele ya macho ya wote, anafuta mdomo, ndipo anakukabidhi. Zamani mwenye nyumba alifanya hivyo ili mgeni ajue hakuna sumu. Leo hakuna anayemshuku mama huyu, lakini desturi imebaki, na kwangu ina uzito kuliko nembo yoyote ya ubora iliyobandikwa kwenye chupa. Aliyepika ameweka tumbo lake mbele ya langu. Niambie ni kiwanda gani ambacho mkurugenzi wake husimama baa akafanya hivyo.

Methali inatuonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kwa hiyo ninasifu kwa hofu. Ila wagema wa siku hizi hulitia maji kabla hawajasifiwa. Yapo makopo yanayouzwa kwa jina la mbege yasiyojua ulezi uliooteshwa: maji, ndizi kidogo, sukari, hamira ya maandazi, na asubuhi kitu kinatoa povu. Mnywaji naye hana neno, maana hakuja kuonja. Amekuja kutafuta stimu. Ndiye yuleyule aliyelelewa na viroba vya pombe kali mpaka serikali ilipovipiga marufuku mwaka 2017, na koo lake lilikuwa tayari limesahau kungoja.

Serikali, kwa upande wake, haijawahi kujua ifanye nini na mama wa namna hii. Wakoloni walitaka pombe ya Mwafrika ipikwe kwa kibali na inywewe mahali palipotengwa, huku kiwanda cha bia kikianza kazi mjini hapa mwaka 1933. Sheria ya vileo ya mwaka 1968 iliendeleza vibali na saa za kunywa. Miaka yote hiyo fundi wa ulezi amehesabiwa kama mtu wa kudhibitiwa, kamwe si mtu wa kuulizwa anajua nini.

Siku hizi ng'ambo ya pili ya mji, Masaki na Msasani, vijana wanalipa pesa nyingi kwa bia iliyopikwa kidogokidogo, wakieleza kwa fahari kwamba hakuna mapipa mawili yaliyolingana ladha. Siwaonei wivu, kazi nzuri ni kazi nzuri. Mmoja wao aliwahi kuletwa Yombo na rafiki. Akauliza kwa adabu, "Mama, hii ina asilimia ngapi?" Mama akamtazama. "Ya jana au ya leo?" Kijana akacheka, akaagiza bia ya chupa duka la jirani.

Mama hapiki tena kila wiki. Mkaa umepanda, na binti zake wana kazi za ofisini. Hajawalazimisha, wala wao hawajauliza. Hupika kwa oda, hasa za posa na sendofu. Nimeiona oda moja ilivyoishia, ukumbini. Kibuyu kiliwekwa juu ya meza yenye kitambaa cha dhahabu, pembeni ya ndafu, mshehereshaji akakitaja kama "utamaduni wetu", wazee wawili wakapewa kata mbele ya kamera, kisha kreti zikafunguliwa. Sherehe ilikuwa Jumamosi, na mbege ile ilikuwa imepikwa ifike umri wake Jumamosi hiyohiyo. Kibuyu kilirudishwa Yombo Jumatatu, kimepungua kata mbili.