Kumvuta Mtu Mguu: Asili Tamu Isitupige Changa la Macho

Katika makala haya mafupi ninakusudia kuichambua nahau moja ya Kiingereza, "to pull someone's leg", ambayo neno kwa neno ni kumvuta mtu mguu. Maana yake ni kumwambia mtu uongo kwa mzaha, auamini kwa muda, kisha mcheke. Hoja yangu ni kwamba asili inayopendwa kusimuliwa haiafikiani na maana hiyo, na kwamba tukiipotosha maana tutaharibu na tafsiri.

Asili yenyewe ni ya Tyburn, London, ambako wahalifu walinyongwa hadharani hadi mwaka 1783. Enzi hizo mtu hakuangushwa kutoka juu vya kutosha shingo ivunjike mara moja. Alining'inia akakata roho polepole. Ndugu na marafiki walimvuta miguu ili asiteseke sana. Jambo hilo lilitokea kweli. Lakini eti ndiyo asili ya nahau? Mimi nakataa, kwa sababu mbili.

Kwanza ni tarehe. Nahau hii inaonekana katika maandishi ya karne ya 19, na inazagaa hasa miongo ya mwisho ya karne hiyo. Wakati wa Tyburn misemo ya kitanzi haikukosa mtu wa kuiandika: Francis Grose alichapisha kamusi nzima ya lugha ya mitaani mwaka 1785, na misemo ya kunyongwa imejaa humo. Iweje huu wa mguu usubiri takribani miaka mia?

Pili ni maana, na hapa ndipo penye uzito. Kumvuta miguu mtu aliye kitanzini ni tendo la huruma. Hapo nani kadanganywa? Nani kacheka? Nahau huweza kubadilika maana, sikatai, lakini anayedai hivyo atuoneshe njia iliyopita.

Wapo wanaosema chanzo ni kumpiga mtu mtama, pengine wezi wakimwangusha mpita njia ili wamwibie. Hii nayo haina ushahidi wa moja kwa moja. Hata hivyo, inaingia akilini zaidi: anayepigwa mtama hupoteza mizani ghafla, kama anayedanganywa. Tena huko Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, kumvuta mtu mguu kulimaanisha pia kumtoa fedha kwa hila. Kwa hiyo nahau hii ni jirani wa ulaghai kuliko kitanzi.

Sasa tuje kwenye tafsiri. Wengi wetu tukikutana na nahau hii huandika "kutania", basi yamekwisha. Mhusika akiambiwa jambo asiloamini akajibu, "Unanitania wewe!", tafsiri ni safi kabisa. Lakini msimulizi akisema fulani alimvuta mwenzake mguu, nasi tukaandika "alimtania", msomaji wa Tanzania ataelewa jingine. Kwake utani ni uhusiano: Mtani hukurushia maneno makali hata msibani, na hakuna anayeyaamini. Utani haumhitaji mjinga, ila kumvuta mtu mguu kunamhitaji, japo kwa dakika moja.

Kiswahili hakijaishiwa. Kumpiga mtu changa la macho ni kumdanganya, lakini kicheko hakimo. Kumvisha kilemba cha ukoka ni kumsifu kwa uongo. Kumchezea shere kunakaribia, ingawa kuna kejeli ndani yake. Nionavyo mimi, kwenye mazungumzo ya vijana, "kumfunga kamba" ya mitaani kwetu inafaa kuliko zote, kwani uongo umo na wepesi umo. Najua baadhi ya walimu wetu wataiona ni lugha ya kihuni. Lakini nahau ya Kiingereza nayo ilikuwa ya mitaani kabla ya kuingia vitabuni. Mwenye hoja tofauti ajitokeze, uwanja ni wetu sote.