Kuzima, Kuruka au Kuchepusha?

Programu za kuchambua takwimu kwa michoro zimewaletea wafasiri wetu tatizo la istilahi. Katika programu hizo, mathalani KNIME iliyoanza kutungwa mwaka 2004 katika Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, mtumiaji huweka visanduku kwenye kioo cha kompyuta na kuviunganisha kwa mistari. Kila kisanduku, yaani nodi, hupokea takwimu upande wa kushoto, huzifanyia kazi yake, na kuzitoa upande wa kulia.

Kuhusu kuunganisha hatuna ugomvi. Mstari wenyewe yafaa uitwe kiungo, wala si kiunganishi, maana neno hilo ni mali ya walimu wa sarufi. Ugomvi uko katika tendo la pili linalopatikana katika baadhi ya programu hizi: kuiacha nodi mahali pake, huku takwimu zikiendelea mbele bila kuguswa nayo.

Tuchukue mfano wa ofisa aliyeko Sumbawanga anayejumlisha mavuno ya mahindi ya Laela, Matai na Namanyere. Nodi ya kwanza husoma hesabu ya magunia. Ya pili huzidisha kila gunia kwa kilo 100. Ya tatu hujumlisha. Nodi ya pili ikipitwa, magunia 50 hayatafika mbele kama kilo 5,000, bali kama 50. Iwapo kitabu cha maelezo kimesema nodi hiyo "imezimwa", ofisa atadhani kwamba njia imekatika na kuwa hakuna jumla itakayotoka. Akiiona jumla, ataiamini. Hapo kosa la mfasiri limekuwa kosa la hesabu ya chakula cha mkoa.

Kukwepa kunanuka lawama, kama kwa mkwepa kodi. Kuruka ni neno jepesi, lakini limekwisha zoeleka katika simu kwa maana ya kuacha hatua. Halisemi kwamba takwimu zimepita. Mchepuko lina picha iliyo sahihi: barabara ya mchepuko huuzunguka mji na kurejea katika barabara kuu. Hata hivyo, mitaani neno hilo limekuwa jina la mpenzi wa pembeni, na mwalimu akilitamka darasani atajibiwa kwa vicheko. Tena umbo lake ladokeza kitu kilichojipinda chenyewe.

Kwa maoni yetu, istilahi ifaayo ni kuchepusha, na jina lake mchepusho. Umbo la kutendesha lamdai mtendaji: takwimu hazikupotea njia, bali kuna mtu aliyezipitisha kando. Yawezekana kupinga kwamba maji yaliyochepushwa kwenda shambani hayarudi mtoni. Pingamizi hilo lina uzito. Kwa hiyo hapana budi istilahi iandamane na fasili yake: kupitisha takwimu kando ya nodi, bila kuzibadili, hadi nodi inayofuata. Wafasiri waiandike fasili hiyo kila neno linapotokea mara ya kwanza.