Nyapol Hakutaka Kuhama

Mume ndiye anayeamua kuhama, mke anaarifiwa. Hivyo ndivyo safari inavyoanza katika The Promised Land, riwaya ya Grace Ogot iliyochapishwa Nairobi mwaka 1966 na East African Publishing House. Ochola, kijana wa Kijaluo kutoka Seme karibu na Kisumu, amesikia habari za jamaa waliovuka mpaka na kulowea upande wa Musoma, Tanganyika, wakapata ardhi tele na mifugo. Nyapol, mkewe, ndiyo kwanza ameolewa. Hata mji wa wakwe zake hajauzoea. Hataki kwenda. Anasema wazi kwamba hataki. Kisha anafunga virago.

Nadhani ni vigumu kupata mahali nchini Kenya panapostahili kusomewa riwaya hii zaidi kuliko Trans Nzoia. Endebess, Kwanza, Kiminini, Cherangani: karibu kila boma huku lina hadithi ya kuhama. Walowezi wa Kizungu waligawiwa ardhi hizi, wengi wao baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Reli ikafika Kitale mwaka 1926, na kwa miongo kadhaa Mwafrika aliishi kwenye mashamba hayo kama kibarua au skwota. Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, na makampuni na vyama vya kununua mashamba vilipofuata, watu walimiminika kutoka Bungoma, Kakamega, Maragoli na Kenya ya Kati, kila mtu na jembe lake na barua yake ya kugawiwa ploti.

Muulize mzee yeyote wa Kwanza jinsi alivyopata shamba. Atakutajia hisa alizonunua, ng'ombe aliouza, idadi ya ekari, jina la Mzungu aliyekuwa mwenyewe. Kisha muulize mkewe, kukhu (nyanya) wa boma hilo. Atakwambia walifika jioni mvua ikinyesha, mto ulikuwa mbali, na kwamba hapakuwa na mwanamke hata mmoja wa karibu aliyejua lugha yake. Safari ni moja, na masimulizi ni mawili. Grace Ogot aliamua kuandika kwa kufuata masimulizi ya kukhu, na uamuzi huo ndio uliobeba kitabu kizima.

Tamaa ya Ochola ndiyo inayosukuma matukio. Yeye ndiye anayeota, anayeamua, anayelima, anayeugua. Mwandishi mwingine angemfuata yeye tu, kwa sababu ndiye anayetenda. Ogot anatuketisha kwa Nyapol. Katika kurasa za mwanzo tunaingia mawazoni mwa bi harusi huyu na kumkuta akiifananisha ndoa na kifungo, kwamba aliyekuoa anaweza kukupeleka popote apendapo. Wazo hilo linapita haraka, halifanyiwi hotuba. Mwandishi analitia mapema, kabla ya habari ya Tanganyika kupamba moto, ili mume atakapotamka neno la kuhama msomaji awe tayari amekaa ndani ya chumba ambacho mlango wake unafunguliwa na mtu mwingine. Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu Ogot kama fundi.

Tazama pia anavyoziandika zile nyakati za kubishana. Nyapol anazo hoja. Baba mkwe wake, Owiti, naye hapendi mwanawe aondoke na kumwacha uzeeni. Ochola hawashindi kwa hoja; sioni ukurasa ambapo anawajibu kikamilifu. Mabishano yanakwisha tu, kwa kuwa mke ameolewa na mume ameshasema. Waandishi wengi wa mambo ya wanawake, hasa wa miaka hii yetu, wangempa Nyapol maneno makali ya kumlipua mumewe ili msomaji afurahi. Ogot anamnyima furaha hiyo. Anauacha upinzani wa Nyapol ubaki bila kujibiwa, na kwa kuwa haukujibiwa haufi. Unakaa chini ya kila ukurasa unaofuata, hata pale mambo yanapokuwa mazuri.

Na mambo yanakuwa mazuri kweli! Jambo hili sijaona likisifiwa vya kutosha. Mwandishi mwenye haraka ya kuthibitisha kwamba mke alikuwa sahihi angeifanya ardhi ya ugenini iwe kame, mahindi yakauke, ng'ombe wafe. Ogot anaipa ardhi haki yake. Inazaa. Ghala zinajaa, mali inaongezeka, watoto wanazaliwa. Kuhusu udongo, Ochola hakukosea. Sisi tunaoishi katika kaunti inayolisha nchi kwa mahindi, mjini kwetu Kitale ilikoanzishwa Kenya Seed mwaka 1956, tunaielewa nguvu ya hoja hiyo: shamba linapotoa magunia, nani atasikiliza upweke wa mtu jikoni? Kwa kumpa Ochola ushindi wa kiuchumi, Ogot analipandisha swali la Nyapol ngazi ya juu zaidi. Haliwi tena swali la kama walipata au walikosa, bali la nani aliulizwa.

Halafu unakuja ugonjwa. Jirani yao mzee, mwenyeji wa huko, anawaona wageni wakinawiri mlangoni pake na anachukizwa. Ana uganga. Mwili wa Ochola unaota kitu kama miiba, ngozi yote, hata asiweze kulala wala kuguswa. Hapa ndipo mikono ya mwandishi inapoonekana. Ogot, aliyezaliwa Grace Emily Akinyi mwaka 1930 na kusoma Ng'iya na Butere, alikuwa muuguzi kabla ya kuwa mwandishi. Alisomea kazi hiyo Hospitali ya Mengo, Uganda, kuanzia 1949 hadi 1953, akaenda kujifunza ukunga London katika Hospitali ya St Thomas, na baadaye akafanya kazi Maseno. Mtu aliyewahi kumgeuza mgonjwa kitandani anajua maumivu yanaanzia wapi. Ugonjwa wa Ochola ni wa ajabu, hakuna kitabu cha tiba kitakachouthibitisha, lakini umeandikwa kwa jicho la wodini: ngozi ikoje, harufu ikoje, nani anashika maji, nani anaogopa kukaribia. Hakuna sauti ya kutisha wala pazia la miujiza. Sentensi zinazosimulia miiba zina mwendo uleule wa sentensi zinazosimulia kupika na kuteka maji, na kwa sababu hiyo tunaamini.

London pia aliandika na kutangaza katika BBC, na nadhani redio ilimfunza kitu. Sentensi zake ni fupi, zinasikika. Unaweza kumsomea mtu asiyejua kusoma, na asipotee njiani.

Ugonjwa unageuza mamlaka ndani ya nyumba bila tangazo. Mwanamume aliyeamua kila kitu sasa hawezi hata kujilaza. Anayemuuguza ni yule yule aliyefungishwa virago. Ogot hamfanyi Nyapol ashangilie, wala hamgeuzi kuwa malaika. Anamwacha afanye kazi ya siku, mgonjwa huku, watoto kule, na hofu juu ya yote. Ni hapa ninapoona uvumilivu wa mwandishi ukizidi wa mhusika wake: ukurasa kwa ukurasa anakataa kutuambia tumhurumie nani zaidi.

Hospitali ya misheni, na daktari wake Mzungu, Thomson, wanashindwa. Anayefaulu ni mganga, Magungu, na dawa yake ina sharti: waondoke mara moja, waache kila kitu. Fikiria muuguzi aliyefunzwa Mengo na London akiandika hivyo mwaka 1966, miaka mitatu baada ya uhuru, wakati hospitali na shule zilikuwa fahari ya taifa. Hakuwa akiidharau hospitali. Maisha yake yote yanakanusha hilo. Alikuwa mwaminifu kwa wahusika wake, ambao wangekwenda kote kuwili, kama ambavyo familia nyingi za Bungoma na Kitale bado huenda kote kuwili na kutosema.

Wahakiki wa mwanzo hawakuiona kazi hii. Charles Larson, Mmarekani aliyesikilizwa sana enzi hizo, aliikosoa vikali, na fikra kwamba Ogot anaweza hadithi fupi lakini riwaya haiwezi ikaenea. Florence Stratton ndiye aliyempa nafasi ya kutosha katika kitabu chake cha 1994 kuhusu fasihi ya Afrika na jinsia, na kuonyesha kwamba upumbavu unaochunguzwa humo ni wa mume na ndoto zake. Miongo karibu mitatu ilikuwa imepita. Mwaka huohuo wa 1966 Flora Nwapa wa Nigeria alitoa Efuru, na kule Australia Elizabeth Harrower akatoa The Watch Tower, kuhusu dada wawili wa Sydney, Laura na Clare, wanaoishi chini ya ukatili wa Felix Shaw, tajiri anayemwoa Laura. Riwaya ya Harrower ilisahaulika hadi wachapishaji wa Melbourne, Text, walipoirudisha mwaka 2012, na ghafla watu wakauliza ilikuwa wapi siku zote. Harrower alikuwa hai kuushuhudia mwamko huo. Ogot alifariki mwezi Machi 2015, akiwa ameheshimiwa kama mbunge wa Gem na waziri msaidizi, kama mke wa mwanahistoria Bethwell Ogot, kama mwandishi wa hadithi fupi za Land Without Thunder. Riwaya yake ya kwanza ilitajwa katika orodha, kisha watu wakaendelea na mengine.

Sisemi haina kasoro. Mazungumzo mengine yamekakamaa, na sehemu ya mwisho inakwenda mbio kuliko nilivyotaka. Wenyeji wa Tanganyika tunawaona kwa macho ya Wajaluo waliohamia, na macho hayo yana dharau. Nilipoisoma mara ya kwanza dharau hiyo ilinikera. Sasa naona imebeba sehemu nzito ya kitabu, maana yule mzee mwenye uganga hakuzuka tu. Alikuwa pale kabla. Wageni walifika, wakalima, wakatajirika, na hakuna aliyemuuliza naye pia. Mtu wa Trans Nzoia hawezi kulisoma hilo kijuujuu. Wasabaoti wa eneo la Mlima Elgon wana kumbukumbu ndefu ya nani alikuwa wapi kabla ya nani, na mapigano ya ardhi ya 1991 hadi 1993, kuanzia Endebess hadi Mlima Elgon, yalizifukuza familia kutoka mashamba waliyoyalipia. Watu waliacha mahindi yamesimama. Wengine walitoka na watoto na sufuria. Wanaokumbuka siku hizo wataisoma amri ya Magungu, ya kuacha ghala na ng'ombe na kuondoka, wakijua uzito wake mabegani.

Kwa hiyo katika riwaya hii fupi kuna watu wawili wasioulizwa, mke na mwenyeji, na mwandishi amewaweka pande mbili za uamuzi mmoja wa mume. Hawazungumzi wao kwa wao. Hakuna udugu wa wanyonge hapa, na nashukuru kwamba Ogot hakuubuni; mzee anamdhuru Nyapol kupitia mwili wa Ochola, na Nyapol anamwogopa tu. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa pia kwenye ploti nyingi za huku: aliyeletwa bila hiari na aliyeondolewa bila hiari walitazamana kwa uadui juu ya ua wa katani.

Kuhusu mwisho, wasomaji wengi watasema Nyapol ameshinda. Alitaka kubaki Seme, na sasa anarudi Seme. Mimi nimeurudia mwisho huo nikitafuta ushindi na sikuuona. Nyapol alipoomba wasihame, akiwa mzima na mumewe mzima, hakuna aliyemsikia. Wanarudi kwa kuwa Magungu ameagiza, na neno la mganga lina nguvu juu ya Ochola ambayo neno la mke halikuwahi kuwa nayo. Safari ya kwenda iliamuliwa na mwanamume mmoja, ya kurudi na mwingine. Ogot halitamki jambo hilo mahali popote. Amelipanga tu katika muundo wa hadithi, safari mbili zinazotazamana, akaliacha likae humo tangu 1966.