Kipawa na Mwalimu: Malezi ya Kimuziki ya Mtoto Mweusi katika Tawasifu za Louis Armstrong na Nina Simone

Katika maandishi mengi yahusuyo muziki wa watu Weusi wa Marekani, limezoeleka dai moja ambalo kwa nje huonekana kuwa ni sifa: kwamba mtu Mweusi huzaliwa na muziki damuni mwake. Dai hili limerudiwa na wapenzi wa muziki huo, na hata na baadhi ya watu Weusi wenyewe, kwa nia njema. Lakini sifa hiyo ikichunguzwa huonekana kuwa ni aina ya kunyima. Ikiwa muziki wa mtoto u damuni mwake, basi hapana haja ya kumtafutia mwalimu, wala kumnunulia ala, wala kumfungulia mlango wa chuo. Akifaulu, hapana wa kushukuriwa. Akishindwa, hapana wa kulaumiwa. Dai linalomtukuza mtoto ndilo hilo hilo linalowaondolea watu wazima wajibu wao kwake.

Makala haya yanakusudia kulipima dai hilo kwa kuhakiki tawasifu mbili za wanamuziki Weusi. Ya kwanza ni Satchmo: My Life in New Orleans ya Louis Armstrong, iliyochapishwa mwaka 1954. Ya pili ni I Put a Spell on You ya Nina Simone, iliyochapishwa mwaka 1991 kwa ushirikiano na Stephen Cleary. Vitabu hivi vimechaguliwa kwa sababu vinatofautiana karibu katika kila jambo. Armstrong alikulia katika mtaa wa ufukara mkubwa wa mji wa New Orleans, akajifunza tarumbeta akiwa kizuizini. Simone alikulia katika mji mdogo wa Tryon, North Carolina, akafundishwa piano na mwalimu wa kulipwa. Msimulizi wa kwanza hucheka. Wa pili hukasirika. Hata hivyo, vyote viwili vinatoa ushahidi mmoja kuhusu malezi ya kipawa, na ushahidi huo haukubaliani na dai la damu.

Ni vyema kutanguliza kwamba tawasifu si hati ya mahakama. Msimulizi wake huchagua, hupamba na husahau. Armstrong anaeleza kitabuni kwamba alizaliwa tarehe 4 Julai 1900, siku ya sikukuu ya uhuru wa Marekani, ilhali rekodi ya ubatizo iliyogunduliwa baada ya kifo chake inaonyesha kuwa alizaliwa tarehe 4 Agosti 1901. Kwa hiyo swali la mhakiki si kama kila tukio lilitokea kama lilivyosimuliwa, bali ni kwa nini msimulizi ameliweka mahali alipoliweka, na ni nini kinachojitokeza katika masimulizi hata pale ambapo msimulizi hakukusudia.

Tuanze na Armstrong. Usiku wa kuamkia mwaka 1913 mtoto huyu alifyatua bastola hewani barabarani, akakamatwa na kupelekwa katika makao ya watoto Weusi waliopatikana na makosa, yaliyojulikana kama Colored Waif's Home. Huko palikuwa na bendi, na mwalimu wake alikuwa Peter Davis. Msomaji anayetarajia kuona kipawa kikilipuka papo hapo atashangaa. Davis hakuvutiwa na mtoto huyu. Alimshuku kwa sababu ya sifa mbaya ya mtaa alikotoka, na hakuona taabu kumwadhibu. Baada ya muda alimpa tari, kisha ngoma, kisha honi, kisha buruji ya kuwaamshia wenzake na kuwaita kula, na mwisho kabisa korneti, hata akamfanya kiongozi wa bendi. Mfuatano huu ni mtaala, ijapokuwa Armstrong hautaji kwa jina hilo. Kila ala ilimfundisha jambo moja kabla ya kukabidhiwa nyingine: mapigo, pumzi, midomo, sauti safi, na hatimaye kuwaongoza wengine.

Masomo hayakukoma alipotoka kizuizini mwaka 1914. Joe Oliver, mpiga korneti mashuhuri wa mji huo, alimfundisha na kumpa korneti yake kuukuu, na kijana akawa akitumwa shughuli ndogo ndogo za nyumbani kwa mke wa Oliver. Uhusiano huu wa fundi na mwanafunzi, ambapo karo hulipwa kwa utumishi, ni mfumo unaofahamika katika jamii nyingi, zikiwamo za Kiafrika. Baadaye, katika bendi ya Fate Marable iliyopiga muziki katika meli za mto Mississippi, Armstrong alikuta wanamuziki waliozoea kusoma nota, na mwenzake David Jones akachukua dhima ya kumfundisha. Hivyo basi, mtu ambaye dunia ilimfanya kielelezo cha kipawa kisichofunzwa anawataja kwa majina, katika kitabu chake mwenyewe, walimu wasiopungua watatu. Lililokosekana si ushahidi, bali ni masikio ya kuusikia.

Hata hivyo, kitabu hiki kina kasoro ambayo haifai kupitwa. Msimulizi ameyaeleza makao yale kwa furaha na shukrani, kana kwamba kukamatwa kwake kulikuwa baraka tupu. Kicheko hicho kinaeleweka, maana ni silaha ya mtu aliyenusurika. Lakini kinafunika swali zito. Kwa nini mtoto Mweusi wa New Orleans, mji uliojaa muziki kila pembe, alilazimika kufika kizuizini ndipo apate mwalimu wa kumwekea ala mkononi siku baada ya siku? Armstrong haulizi. Tena, kuna mkono mwingine wa msaada ambao haumo katika kitabu cha 1954. Katika maandishi aliyoyaanza mwaka 1969 akiwa hospitalini, alieleza jinsi familia ya Karnofsky, Wayahudi waliotoka Lithuania na waliomwajiri utotoni, ilivyomkopesha fedha za kununulia korneti dukani kwa mweka rehani. Kwa hiyo orodha ya waliomlea ilizidi kurefuka kadiri alivyozeeka.

Tukio moja katika Satchmo linastahili kuangaliwa kwa makini. Bendi ya makao ilipopita mtaani kwao, wacheza kamari, makahaba na maskini wengine wa mtaa ule walimtambua mtoto wao akiwa mbele, wakatoa sarafu zao kwa wingi hata zikatosha kununua sare na ala mpya za bendi nzima. Hapa methali ya Mcheza kwao hutunzwa inapata maana pana kuliko kawaida yake. Aliyecheza ni mmoja, lakini waliotunzwa ni wote.

Linganisha na yaliyotokea Tryon. Eunice Waymon, ambaye baadaye alijiita Nina Simone, alizaliwa mwaka 1933 akiwa mtoto wa sita kati ya wanane. Mama yake alikuwa mhubiri wa Kimethodisti, na mtoto alianza kupiga kinanda kanisani kabla ya umri wa kwenda shule. Bibi mmoja wa Kizungu, ambaye mama yake alimfanyia kazi za nyumbani, alijitolea kumlipia masomo kwa mwaka mmoja kwa Muriel Mazzanovich, Mwingereza aliyeishi mjini humo. Mwaka ulipokwisha, mwalimu alianzisha mfuko wa michango kwa jina la mtoto, na mtoto akawa akiwapigia wafadhili piano hadharani ili waone matumizi ya fedha zao. Kutoka kwa mwalimu huyo alimpata Bach, na kutoka kwa Bach alipata azma ya kuwa mpiga piano wa majukwaa makuu.

Ustadi mkubwa wa tawasifu hii umo katika namna inavyoionyesha zawadi ikiwa na makali yake. Katika onyesho moja la utotoni, wazazi wake walikuwa wameketi mstari wa mbele, wakaondolewa ili kuwapisha Wazungu. Mtoto alikataa kupiga hata wazazi wake waliporudishwa mbele. Msimulizi amelifanya tukio hili kuwa mhimili wa sura za utoto, na kwa haki, kwa sababu linafichua sharti lililojificha ndani ya ufadhili: mji ulikuwa tayari kukichukua kipawa cha mtoto huku ukiwakataa waliomzaa. Mtoto aliyefundishwa kuwa sahihi katika kila nota alikuwa amejifunza pia kutambua kisicho sahihi ukumbini.

Kilele cha masimulizi ni mwaka 1951. Baada ya kuhitimu shule ya wasichana ya Allen huko Asheville na kusoma kwa muda katika chuo cha Juilliard mjini New York, Simone alifanya mtihani wa kuingia Chuo cha Muziki cha Curtis mjini Philadelphia, akakataliwa. Aliamini hadi mwisho wa maisha yake kwamba sababu ilikuwa rangi yake. Mhakiki hana budi kuwa mwangalifu hapa. George Walker, mpiga piano na mtunzi Mweusi, alihitimu katika chuo hicho hicho mwaka 1945, na mwaka 1996 akawa mtunzi wa kwanza Mweusi kupata tuzo ya Pulitzer ya muziki. Mlango basi haukuwa umekomelewa kabisa. Lakini mlango unaopitisha mmoja mmoja kwa nadra haumpi aliyekataliwa njia yoyote ya kujua kama amepimwa kwa vidole vyake au kwa ngozi yake. Huo wenyewe ni udhalimu, hata pale ambapo hukumu ya majaji ilikuwa ya haki. Mtahiniwa wa Kizungu aliyeshindwa aliweza kurudi nyumbani akafanye mazoezi zaidi. Mtahiniwa Mweusi alirudi na swali lisilo na jibu.

Kuna jambo jingine ambalo kitabu kinalionyesha bila kulisema. Malezi ya Tryon yaliweka tumaini la mji mzima juu ya mtoto mmoja, na tumaini la mtoto huyo juu ya chuo kimoja. Mfuko ulikuwa na jina lake peke yake. Hapakuwa na bendi ya wenzake. Kulikuwa na saa ndefu za mazoezi na upweke ambao msimulizi anaurejea mara kwa mara. Chuo kilipokataa, mpango wote ulianguka, naye mwaka 1954 akajikuta akipiga piano katika baa mjini Atlantic City kwa jina jipya ili mama yake asijue. Kwamba kutokana na anguko hilo ulizaliwa muziki wa pekee, uliochanganya Bach na nyimbo za kanisani, si hoja ya kuusifu mpango huo. Chuo cha Curtis kilimtunukia shahada ya heshima mwezi Aprili 2003, siku chache tu kabla ya kifo chake. Heshima hiyo ilimfikia alipokuwa hana tena haja ya kufundishwa.

Kati ya kizuizi cha New Orleans na mfuko wa Tryon, ilikuwapo njia ya tatu, nayo haimo katika tawasifu yoyote kati ya hizi mbili. Mjini Chicago, Walter Dyett alifundisha muziki katika shule ya sekondari ya Wendell Phillips na baadaye DuSable kwa muda wa miongo mitatu kuanzia miaka ya 1930. Zilikuwa shule za serikali za watoto Weusi, na Dyett alisifika kwa ukali wa nidhamu yake. Kutoka mikononi mwake walitoka Nat King Cole, Gene Ammons, Johnny Griffin, Von Freeman na wengine wengi. Je, damu ya mtaa mmoja wa Chicago ilizidi nyingine zote kwa muziki? Jibu lililo rahisi zaidi ni kwamba palikuwa na chumba, ala, ratiba na mwalimu asiyekubali uzembe, na kwamba mtoto hakuhitaji kukamatwa wala kuhurumiwa ili aingie. Kati ya wengi waliopita humo, wachache walipata umaarufu. Waliobaki walipata elimu, nayo pia ni mavuno.

Msomaji wa Kiswahili hana ugeni na suala hili. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad, aliandika habari za mwanamke fukara wa Fumba aliyefika mjini Unguja akiwa na sauti, na ambaye sauti hiyo isingefika katika santuri zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928 bila ya wanamuziki wa mjini waliomfunza ufundi wa kuimba. Hata lugha yenyewe inashuhudia. Neno kipawa linatokana na kitenzi cha kupa: ni kile ambacho mtu amepawa. Aghalabu mazungumzo huishia kwa mpaji wa kwanza, ambaye ni Mungu. Tawasifu hizi mbili zinadai watajwe na wapaji wa pili: Davis na Oliver, Mazzanovich na wahubiri, wacheza kamari na sarafu zao. Zinadai pia, na hili ndilo zito zaidi, waulizwe wale waliokuwa na uwezo wa kupa wakazuia. Samaki hukunjwa angali mbichi. Lakini hajikunji mwenyewe.