Kadi Inayoisikiliza Shaba

Waya wa simu ya mezani ulivutwa kwa ajili ya sauti ya mtu, tena sehemu yake tu: kuanzia hezi 300 hadi 3,400. Ndiyo maana naistahi kadi ya laini ya VDSL2, teknolojia ya kupitisha intaneti ya kasi katika waya huohuo. Kadi hiyo ni lile bamba la saketi linalochomekwa kwenye kabati la mtaani, mara nyingi lenye matundu 48, kila tundu na nyumba yake. Hukabidhiwa shaba iliyozikwa miaka mingi, yenye viungio vikuukuu na unyevu. Haiikatai. Huipima.

Kupima huko ndiko ufundi wenyewe. John Cioffi na wanafunzi wake wa Stanford, Marekani, walionyesha jinsi ya kuugawa waya mmoja katika vijia vingi vya masafa, kila kimoja kikiwa na upana wa kilohezi 4.3125. Mtangulizi wa VDSL2, ADSL ya mwaka 1999, ilikuwa na vijia 256. VDSL2 ya mwaka 2006, katika muundo wake wa megahezi 17, ina 4,096. Kila kijia husikilizwa peke yake. Kilichotulia hubebeshwa hadi biti 15 kwa mpigo. Chenye kelele hupewa mbili tatu, au huachwa. Kelele ikihama, biti nazo huhamishwa, na anayetazama mpira nyumbani hana habari.

Lakini uhodari mkubwa uko kwa majirani. Jozi za shaba hulala pamoja ndani ya kebo moja, na mawimbi ya jozi moja huvujia nyingine. Tangu Alexander Graham Bell, mwaka 1881, nyaya zilisokotwa ili kupunguza uvujaji huo. Kwenye masafa ya juu msokoto hautoshi. Kiwango cha G.993.5 cha mwaka 2010 kikaleta dawa. Kwa kuwa mawimbi yote yanatoka kabati moja, kadi inajua kila jirani anapelekewa nini. Modemu za nyumbani huirudishia vipimo vya kasoro zinazozipata, nayo hujifunza ni kiasi gani cha huyu kinamwingilia yule. Kisha, kabla ya kutuma, huchanganya katika kila wimbi kinyume cha uvujaji utakaolikuta njiani. Viwili hivyo hufutana, ujumbe ukafika safi. Hesabu hiyo hufanywa kijia kwa kijia, takriban mara 4,000 kila sekunde. Sijaona kazi ya mikono ya binadamu yenye uangalifu kuliko huo.

Ina adabu pia: hupunguza nguvu zake kwenye masafa ya redio ya ridhaa, isiwaharibie wengine mawasiliano.

Nyuzi za kioo zinaichukua nafasi ya shaba, na zinastahili. Hata hivyo, waya ukikatika, kadi hii hutuma wimbi, husubiri mwangwi, na kwa muda uliopita hukadiria umbali wa mkato, hata kama upande wa pili hakuna modemu wala mtu. Fundi huondoka ofisini akijua aanze kutafuta wapi.