Kivuli cha Jiwe: Kusoma Umbo la Tochi ya Kichwa

Tochi ya kichwa ina fani yake: mkanda, kioo, bawaba ya kuinamishia taa, nyumba ya betri, na zaidi ya vyote mahali taa yenyewe ilipokaa, katikati ya paji la uso. Wanunuzi wengi huyaruka haya yote na kukimbilia idadi ya lumeni iliyoandikwa kwenye boksi. Mimi naanzia kwenye paji la uso, kwa kuwa hapo ndipo uamuzi mkubwa wa fani hii ulipofanywa, tena ulifanywa kwa ajili ya mtu mwingine kabisa, si mkimbiaji.

Mtu huyo ni mchimbaji. Kabla ya taa za umeme alivaa taa ya kabidi: maji yalidondoka juu ya kabidi, gesi ya asetilini ikatoka, na ulimi mdogo wa moto ukawaka mbele ya sahani ya duara iliyong'arishwa. Umeme ulipokuja ulibadilisha moto, haukubadilisha mahali. Hata Tikka ya kampuni ya Petzl ya Ufaransa, iliyotoka mwaka 2000 na kuifanya tochi ndogo ya LED kuwa kitu cha watu wote, ilitoka kwa watu wa mapangoni. Na kusini mwa jimbo la Maniema, nchini Kongo, umbo hili bado halijaachana na asili yake. Huko Kabambare, upande wa Namoya na Salamabila, dhahabu imechimbwa tangu enzi za Wabelgiji, na vilima kama Mwendamboko na Kakula vimekwisha kutobolewa. Wachimbaji wadogo bado wanaitafuta kwa nyundo na tindo.

Tazama kazi yao. Mwamba uko karibu na pua, mikono yote miwili ina shughuli, na adui ni kivuli cha mkono kinachoangukia mshipa wa mawe unaofuatwa. Taa iliyokaa karibu na jicho humwondolea adui huyo. Mwanga na macho hupita karibu njia moja, kwa hiyo kivuli hujificha nyuma ya kitu kilichokitoa na mchimbaji hakioni. Kwa kazi hiyo fani imetimia, sioni pa kuirekebisha.

Sasa itoe tochi ileile shimoni, uivae kwenye barabara ya Kasongo, mji wa humohumo Maniema, saa kumi na moja alfajiri. Kasongo iko karibu na nyuzi nne na nusu kusini mwa ikweta. Usiku wake ni wa saa kama 12 mwaka mzima, na mapambazuko hayachukui muda mrefu. Anayetaka kukimbia kabla ya kazi hana budi kukimbia gizani, juu ya udongo uliochimbwa mifereji na mvua na kukatwa njia na magurudumu ya pikipiki na baiskeli za mizigo. Hapa kivuli kinageuka rafiki. Mguu hauhitaji kujua rangi ya jiwe wala uso wake, unahitaji kujua kimo chake, na usiku kimo husomwa kwa kivuli.

Tufanye hesabu, kwani ndiyo kiini cha uhakiki huu. Chukua jiwe la sentimita 5 kwenda juu, lililo mita 5 mbele ya mkimbiaji ambaye macho yake yako mita 1.60 kutoka ardhini. Jiwe hilo linamzuia kuona ukanda wa ardhi wa sentimita 16 nyuma yake. Taa ya paji iko mita 1.70, na kivuli inachokitupa nyuma ya jiwe ni cha sentimita 15. Kivuli chote kimo ndani ya eneo asiloliona! Anachobaki nacho ni doa lenye mwanga juu ya ardhi yenye mwanga. Shusha taa mpaka kiunoni, mita 1 kutoka chini: kivuli kinafika sentimita 26, na sentimita 10 zake zinachomoza wazi. Shimo nalo hufuata kanuni hiyohiyo. Taa ya paji hujaza mwanga kila sehemu ya shimo ambayo jicho linaifikia, hivyo shimo hulingana na barabara. Taa ya kiunoni huacha upande mmoja wake ukiwa mweusi.

Kuongeza lumeni hakuponyi kasoro hii. Tochi ya lumeni 1,000 iliyokaa pajini huusawazisha uwanja kwa nguvu zaidi, na hapo mtu anajikwaa kwenye barabara iliyofurika mwanga kisha akaulaumu mguu wake. Kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, mita zile 5 zinakwisha chini ya sekunde mbili.

Maneno ya boksi pia yanataka msomaji makini. Kipimo cha FL1, kilichoanzishwa Marekani mwaka 2009, huhesabu umbali wa mwanga mpaka pale unapofifia hadi robo ya luksi, ambayo ni karibu na mwanga wa mwezi mpevu. Basi mita 100 za boksini hazisemi kwamba utaona vizuri mwisho wa mita hizo, zinasema kwamba huko utaona kama kwenye mbalamwezi. Muda wa kuwaka nao huhesabiwa mpaka taa ibakiwe na asilimia 10 ya nguvu yake ya mwanzo. Boksi lisilotaja kipimo chochote halijatoa ahadi hata hizo.

Halafu kuna rangi, ambayo wakosoaji wa tochi huipita haraka mno. LED nyeupe ya bei nafuu ni chembe ya buluu iliyopakwa unga wa njano, na mwanga wake una upungufu wa wekundu. Barabara ya huku ni nyekundu. Chini ya mwanga ule wa kibuluu udongo mkavu, tope na jani lililooza hukaribiana wote na kijivu, na mkimbiaji anapoteza alama ambayo mchana humwongoza bila hata kufikiri. Mwanga wenye umanjano, wa kelvini 4,000 au chini yake, hurudisha sehemu ya tofauti hiyo. Kwangu hilo lina thamani kuliko lumeni 200 za ziada.

Kwenye mabonde ya mto Luama, asubuhi zenye ukungu, hoja ya kiuno hupata shahidi wa pili. Matone ya ukungu hurudisha mwanga kule ulikotoka, na ukitoka pajini basi hurudi machoni. Ukitoka kiunoni, ukuta ule mweupe hubaki chini ya upeo wa jicho.

Lipo jambo ambalo umbo lolote haliwezi kulitatua. Salamabila na vijiji vyake vimepitia miaka ya makundi yenye silaha, na taa humtangaza aliyeivaa kabla yeye mwenyewe hajaona kitu. Huko simshauri mtu kukimbia usiku, awe na tochi gani.

Kwa Kasongo mjini ushauri wangu ni huu: chukua tochi nyepesi, yenye mwanga mpana usio na ukingo mkali, ya lumeni 100 hadi 200, inayotumia betri ndogo tatu unazoweza kuzibadilisha, au inayochajiwa na paneli ileile ya jua inayochaji simu. Angalia bawaba. Kutoka pajini taa lazima iiname nyuzi kama 19 ili iangaze mita 5 mbele, kutoka kiunoni ni nyuzi 11 tu, kwa hiyo tafuta bawaba yenye hatua ndogondogo na inayokaza. Mkanda wa kichwa hautazunguka kiuno. Fundi cherehani atauongeza lastiki pana, na aushone kwa kubana, kwa sababu taa inayorukaruka kiunoni huvirusha na vivuli vya mawe.